Nguvu ya Dawa ya Mbu ni Mali ya Nani?

Mwaka 1982 mbu wa jamii ya Anopheles gambiae walikusanywa Unguja, wakafugwa maabara nchini Uingereza, na vizazi vyao vikapewa jina la ZAN/U. Wanasayansi walivutiwa nao kwa sababu moja: DDT haikuwaua. Utafiti uliofanywa katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba miili yao ilikuwa na vimeng'enya vyenye nguvu ya kuivunja DDT na kuigeuza kuwa kitu kisichowadhuru. Hii ndiyo dawa iliyopulizwa kwenye kuta za nyumba za Unguja na Pemba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1968, chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani, na malaria ikashuka kwa kiasi ambacho visiwa hivyo havikuwahi kukishuhudia. Kati ya nyakati hizo mbili kuna kitu kilipotea. DDT yenyewe haikupotea. Viwanda viliendelea kuitengeneza. Kilichopotea ni udhaifu wa mbu mbele yake. Swali ninalolileta hapa linatangulia utaalamu: udhaifu ule ulikuwa mali ya nani, na aliyeutumia mpaka ukaisha alikuwa na haki gani?

Majibu yaliyo karibu ni matatu. Kiwanda kitasema dawa ni yake kwa kuwa ndicho kilichoigundua na kuilindia hataza. Mnunuzi, awe mkulima au mama mwenye kopo la kupulizia chumbani, atasema ni yake kwa kuwa ameilipia. Serikali itasema ni yake kwa niaba ya wananchi. Wote watatu wanasema kweli kuhusu chupa, na hakuna hata mmoja anayesema lolote kuhusu kile kinachoifanya chupa iwe na thamani. Katika kundi kubwa la mbu daima wapo wachache waliozaliwa na uwezo wa kuihimili sumu fulani. Kila mara dawa inapopulizwa, wengine hufa na hao wachache hubaki kuzaa. Mbu hafundishwi chochote; tunamchagua sisi wenyewe, bila kukusudia. Kwa hiyo kila tone, popote linapodondokea, hutumia dawa yenyewe na papo hapo hupunguza kidogo nguvu ya matone yote yajayo. Hasara hiyo haionekani kwenye risiti. Huonekana pale tu mtaalamu wa wadudu anapowafungia mbu kwenye mrija wenye karatasi iliyopakwa dawa kwa saa moja, kisha akahesabu waliokufa baada ya saa 24. Wakifa asilimia 98 au zaidi, dawa bado ina nguvu. Wakifa chini ya asilimia 90, usugu umethibitika.

Napendekeza tuuite udhaifu huo wakfu. Zanzibar haihitaji kufundishwa maana yake: zipo nyumba za Mji Mkongwe, mashamba ya minazi na ya mikarafuu, yaliyowekwa wakfu kwa misikiti, kwa masikini, kwa vizazi vya mtu fulani, na ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayoyasimamia. Msingi wake unarejea kwenye ardhi ya Omar bin Khattab kule Khaybar, ambayo kwa ushauri wa Mtume ilizuiwa isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, huku mazao yake yakigawiwa wahitaji. Shina linashikwa, tunda linaachiwa. Mlengwa ana haki kamili ya tunda la mwaka wake, na hana haki yoyote ya kuukata mti, hata akiwa na njaa, hata akiwa ni yeye pekee anayeishi shambani. Hapa udhaifu wa mbu ndio shina, na usiku wa mtoto aliyelala bila kuumwa ndio tunda.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nisitosheke na mafundisho mengine ya Kiislamu, yale yanayowafanya watu wote kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Huku nako kuna hoja nzuri, na wengi wanaozungumzia mazingira hukimbilia hapo. Lakini ushirika wa maji unampa kila mmoja haki ya kuteka. Haumwekei wazi wajibu kwa mtu ambaye bado hajazaliwa. Wakfu unamhesabu mjukuu kuwa mlengwa leo hii, mwenye haki inayoweza kudaiwa mbele ya kadhi na msimamizi aliye hai. Kwa tatizo la usugu, ambalo anayefaidika na anayeumia mara nyingi hutenganishwa na miaka kumi au ishirini, tofauti hiyo ni kubwa. Ni kweli hakuna mtu aliyesimama mbele ya mashahidi akauweka wakfu udhaifu wa mbu. Hilo halinisumbui sana. Ardhi ya Khaybar ilikuwa na mwenyewe kabla ya kuwekwa wakfu; kitu hiki hakijawahi kuwa na mwenyewe. Aliyekiumba hakumkabidhi kizazi kimoja, na anayedai kuwa alikabidhiwa peke yake ndiye anayepaswa kuleta ushahidi.

Pana ajabu hapa ambayo yafaa kutajwa. Kitu tunachotaka kukihifadhi kimo ndani ya mwili wa adui. Mbu mwenye thamani kwetu ni yule anayekufa upesi, na tungependa jamaa zake wawepo kwa wingi ili wazaane na wale wagumu na kuizimua damu yao. Muumini atakayeuliza kama ni halali kuwaua viumbe wa Mungu atapata jibu fupi: sheria ya Kiislamu inaruhusu kumwua kiumbe anayedhuru, na sijui mwanazuoni aliyemtetea mbu wa malaria. Swali gumu liko upande wa pili, kwamba tumepewa njia ya kujikinga naye na tunaichezea.

Tukikubali kwamba ni wakfu, linafuata jambo ambalo mara ya kwanza husikika kama ukavu wa moyo. Mafakihi, hasa wa madhehebu ya Hanafi, waliweka utaratibu kwamba mapato ya wakfu huanza kutengeneza shina, ndipo walengwa wagawiwe. Nyumba ya wakfu ikivuja, kodi yake huziba paa kabla ya kumfikia yatima. Kwa dawa za mbu maana yake ni kwamba fedha za kupima usugu, kubadilisha dawa kwa zamu na kufukia mazalia zitengwe kwanza, kabla ya kununua shehena. Kwa kawaida tunafanya kinyume: shehena kwanza, vipimo kwa makombo. Zanzibar inatoa ushahidi wa pande zote mbili. Mwaka 2006 ilianza upuliziaji wa dawa-ukoko majumbani kwa lambda-sihalothrini, dawa ya jamii ya pairethroidi, huku ikigawa vyandarua vilivyotiwa dawa za jamii hiyohiyo. Ukuta na kitanda vikawa vinampitisha mbu kwenye chekeche moja. Maambukizi yalishuka hadi chini ya asilimia 1, mafanikio yaliyoshangaza dunia. Kisha vipimo vikaonyesha usugu Pemba, wakati mbu wa Unguja walikuwa bado wanakufa vizuri. Kufikia 2012 ikabidi kuhamia bendiokabu, na baadaye pirimifosi-methili, dawa za jamii nyingine zenye bei kubwa kuliko ile ya kwanza. Kilichoiokoa programu ni kwamba kulikuwa na watu wa kupima, na kipimo kilifika kabla ya wagonjwa. Mahali pengi barani hakuna aliyepima, na mabadiliko ya bei yakafanya kazi yake kimyakimya: duniani kote watu waliolindwa kwa dawa-ukoko walipungua kutoka milioni 180 mwaka 2010 hadi milioni 100 mwaka 2016, sababu kubwa ikiwa ni kuhama kutoka pairethroidi kwenda dawa ghali zaidi. Hao milioni 80 ni walengwa walionyimwa tunda kwa sababu shina liligugunwa.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa mtoto mgonjwa. Mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000, asilimia 95 kati yao Afrika, na huku kwetu watatu kati ya kila wanne ni watoto wa chini ya miaka mitano. Ni nani atakayethubutu kumwambia mzazi kwamba dawa iwekwe akiba kwa ajili ya watu wasio na majina? Pingamizi hili lina nguvu zaidi ukikumbuka kwamba vyandarua vyenyewe ni miongoni mwa vichochezi vikubwa vya usugu. Kati ya kinga zote zilizozuia malaria Afrika tangu 2000 hadi 2015, makadirio yanayokubalika yanavipa vyandarua vyenye dawa zaidi ya theluthi mbili ya ushindi. Chombo kilichookoa wengi kuliko vyote ndicho pia kilichochosha dawa. Hapa siwezi kujificha nyuma ya wakfu, wala sitaki. Mtoto wa leo ni mlengwa kamili, na darura huhalalisha hata kile ambacho kwa kawaida kimekatazwa. Ila mafakihi haohao waliokubali darura waliiwekea mpaka: hupimwa kwa kiasi chake, na hairuhusu zaidi ya kile inachokidai. Darura ya mtoto inadai chandarua kitandani mwake. Haidai kwamba jamii ya dawa iliyo kwenye chandarua hicho ipulizwe pia ukutani, iwashwe kwenye dawa ya kuchoma kule barazani, imwagwe kwenye matuta ya mchicha, na iuzwe kwa kopo la kuulia mende. Ukihesabu kwa uaminifu, ugomvi mkubwa si kati ya mtoto wa leo na mtoto wa kesho. Ni kati ya watoto wote wawili na matumizi mengine ya dawa ileile, ambayo hayana darura hiyo. Na hata ndani ya chandarua njia ipo. Huko Muleba, mkoani Kagera, utafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba chandarua kilichoongezewa kemikali ya kuvizima vimeng'enya vya mbu kinawakinga watoto vizuri kuliko cha pairethroidi peke yake. Misungwi, mkoani Mwanza, mwaka 2022, chandarua chenye pairethroidi pamoja na klorfenapiri kilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili kikilinganishwa na kile cha zamani. Kulitunza shina na kumlisha mlengwa vikawa kitendo kimoja. Vyandarua hivi ni ghali kidogo, na kile kidogo ndicho paa tulilokuwa tukikataa kuliziba.

Mkulima naye ana neno. Nyanya ni chakula na ada ya shule, na hakuna aliyemuuliza kabla ya kutangaza wakfu juu ya dawa aliyoinunua duka la pembejeo kwa fedha zake. Lazima tumsikilize kwa heshima, maana mara nyingi hulaumiwa na watu wasiowahi kubeba bomba mgongoni. Dawa ya shambani hutiririka hadi kwenye madimbwi na mifereji ambamo viluwiluwi wa mbu hukua, hivyo mbu hukutana na pairethroidi kabla hajawa na mabawa. Watafiti waliliona hili mapema kwenye maeneo ya pamba ya Burkina Faso. Lakini shamba lina wakfu wake pia. Kantangaze, mdudu wa nyanya, alipoingia Tanzania karibu na mwaka 2014 na kuanza kutoboa majani na matunda ya nyanya, wakulima wengi walijibu kwa kupuliza mara nyingi zaidi, kwa kuchanganya dawa mbili tatu za jamii moja, na mdudu yule alikuwa amekwisha kuzizoea pairethroidi huko alikotoka. Waliopoteza walikuwa wakulima wenyewe, fedha na mazao kwa pamoja. Kwa hiyo simwombi mkulima ajinyime kwa ajili ya hospitali. Ninachosema ni kwamba anauziwa chupa bila kuambiwa kwamba kilichomo kinaisha nguvu kwa matumizi ya jirani yake, na bwana shamba ambaye angemweleza ana vijiji vingi na hana pikipiki. Dhambi hapa, kama ni dhambi, imegawanyika, na sehemu ndogo ndiyo iliyo mgongoni mwa mwenye bomba.

Wapo wanaosema wanakemia watapata dawa nyingine. Walipata, ni kweli. DDT ilifuatiwa na nyingine, na pairethroidi zenyewe zilitokana na kuiga sumu ya ua la pareto, hilo linalolimwa Iringa na Nakuru. Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted, Uingereza, walitengeneza permethrini mwaka 1973. Lakini tazama kalenda. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza kwa nguvu vyandarua vya pairethroidi na klorfenapiri ilikuwa Machi 2023, nusu karne baadaye, na klorfenapiri haikuvumbuliwa kwa ajili ya mbu wa malaria. Ilianzia kwenye mazao. Afya ya umma huokota makombo ya soko la kilimo, kwa kuwa mgonjwa wa malaria si mteja anayelipa utafiti. Fikihi inakijua kitendo hiki: kubadilisha mali ya wakfu iliyoharibika kwa mali nyingine kumeruhusiwa na wanazuoni wengi, kwa masharti, kwa idhini ya kadhi, na baada ya kuthibitika kwamba ya kwanza haifai tena. Hakuna aliyeruhusu msimamizi aiachie nyumba ibomoke kwa matumaini ya kupewa nyingine.

Pingamizi ninalolipenda zaidi ni la kisheria, na linagusa moyo wa hoja yangu. Mti huzaa kila mwaka na shina likabaki. Udhaifu wa mbu hupungua kwa kutumiwa; basi unafanana na chakula, na wanazuoni wengi, wakiwemo Washafii walio wengi pwani yetu, walikataa kwamba kitu kinachoteketea kwa kutumiwa kinaweza kuwa wakfu. Mjadala huo ulipata moto hasa kuhusu fedha taslimu. Zufar, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliona kwamba fedha zinaweza kuwekwa wakfu iwapo zitaingizwa kwenye biashara na faida pekee ndiyo itumike. Karne nyingi baadaye, katika dola ya Uthmaniya ya karne ya 16, mwanazuoni Ebussuud aliutetea wakfu wa fedha na mwenzake Birgivi akaupinga vikali. Naona jibu la Zufar linatufaa. Alichokuwa akiuliza si kama kitu huteketea, bali kama upo utaratibu wa kukirudisha. Kwa mbu utaratibu huo upo kwa sehemu. Mara nyingi usugu humgharimu mbu aliyenao, na sumu ikiondolewa kwa muda, wale dhaifu huweza kurudi na kuongezeka. Udhaifu haurudi kila mahali, haurudi kwa kila jeni, na pengine huchukua miaka mingi kuliko subira ya mfadhili. Lakini kubadilisha dawa kwa zamu, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani lililiweka katika mpango wake wa kupambana na usugu mwaka 2012, ni mtaji unaozungushwa ili usiliwe. Mfano wangu una ufa hapa, nakiri, kwa sababu faida ya biashara huhesabika na kurudi kwa udhaifu hukisiwa. Ufa huo unatutaka tuongeze tahadhari, kwani msimamizi asiyejua kama mtaji utarudi hapaswi kuutoa kwa ukarimu.

Nisieleweke kwamba kutunza ni kuacha. Katika Injili kuna mtumwa aliyefukia talanta ya bwana wake akalaumiwa, na wakfu usiovunwa nao ni hiana. Mwaka 1968 upuliziaji wa Zanzibar ulisimamishwa wakati kazi haijaisha, na ndani ya miaka michache malaria ikarudi kwa watoto waliokuwa wamekua bila kinga ya kuizoea. Hakuna aliyefikiri kwamba anaokoa nguvu ya DDT kwa ajili ya wajukuu. Fedha na shauku viliisha tu. Hatari hiyo bado ipo kwa programu zinazotegemea misaada ya nje, kama mwaka 2025 ulivyoonyesha Marekani ilipokata sehemu kubwa ya misaada yake ya afya. Wakfu wa kweli una mapato yake wenyewe, na huu wetu hauna.

Limebaki swali la msimamizi. Kadhi angeuliza jina lake kabla ya kusikiliza jambo lingine, na sisi hatuna jina la kumpa. Kilimo na afya si mambo ya Muungano: mamlaka ya viuatilifu ya Tanzania Bara iko Arusha na haitawali Pemba, na sheria za mambo hayo hutungwa Dodoma kwa upande mmoja na Chukwani kwa upande mwingine. Mbu husafiri majahazini na jeni za usugu husafiri nao. Na molekuli moja yaweza kufika kwenye dawati la afya kama dawa-ukoko na kwenye dawati la kilimo kama dawa ya nyanya, kwa majina mawili ya biashara, bila karani yeyote kuona kwamba ni ileile. Sidai chombo kipya chenye jengo na magari. Ningeanza na sharti moja katika fomu ya usajili: asiyeambatisha matokeo ya vipimo vya mbu kwa jamii hiyo ya dawa, vya pande zote mbili za bahari, asisajiliwe kwa matumizi ya shambani, na matokeo hayo yabandikwe mahali ambapo mkulima na mganga wa wilaya wote wanaweza kuyasoma.